Shauri likiahirishwa, omba gharama zako kabla hujatoka mahakamani

Mara ya tatu shauri langu lilipoahirishwa, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mahakama ya wilaya hapa Mwanza pamoja na shahidi wangu, dereva wa fuso aliyebeba magunia yangu ya dagaa kutoka Sengerema hadi Mwaloni Kirumba. Siku hiyo alikuwa ameacha mzigo wa watu kwa ajili yangu. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado halijafunguliwa, kwa hiyo tulitoka nyumbani saa kumi alfajiri tuwahi kivuko. Saa tatu na nusu wakili wa mdaiwa akasimama, akasema mteja wake amesafiri. Hakuonyesha tiketi wala karatasi yoyote. Hakimu akapanga tarehe nyingine, tukatoka. Nauli, chakula na kifuta jasho cha dereva vilifika shilingi 84,000. Nililipa mimi, mdai ambaye sikuwahi kukosa hata siku moja.

Nikiwa mlangoni karani mmoja akaniuliza, "Mama, mbona hukuomba gharama za leo?"

Sikujua kwamba zinaombwa. Nilidhani habari ya gharama husubiri hukumu. Kumbe Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, imelisema jambo hili kwenye Amri ya 17: mahakama ikiahirisha shauri inapanga siku nyingine, na inaweza kutoa amri kuhusu gharama zilizosababishwa na ahirisho hilo. Shika neno "inaweza". Ni hiari ya hakimu, na hakimu hajui ulivuka na nani wala ulitoa shilingi ngapi mpaka umwambie.

Tarehe iliyofuata mdaiwa hakuja tena. Safari hii nilisimama. "Mheshimiwa, ahirisho silipingi, ila naomba gharama za leo. Nimekuja na shahidi kutoka Sengerema, na risiti ninazo." Sauti ilinitetemeka, lakini niliyasema yote. Wakili wake alipinga. Hakimu akatazama karatasi zangu, akaamuru mdaiwa alipe shilingi 60,000 kabla ya tarehe inayofuata. Tarehe hiyo ilipofika nilimkuta mdaiwa amenitangulia, amekaa benchi la mbele. Mimi naamini ile amri ndiyo iliyomleta.

Kwa kawaida aliyesababisha ahirisho bila sababu ya maana ndiye anayebebeshwa gharama. Mtu akileta cheti cha hospitali, au akiwa amefiwa, usitegemee hakimu amtoze. Mara nyingi atasema suala la gharama litaamuliwa mwisho wa shauri. Na kama hakimu mwenyewe hayupo, yuko kwenye kazi nyingine au anaumwa, hakuna wa kumdai, kila mtu anabeba mzigo wake. Hilo limenipata mara mbili. Siku hizi napiga simu kwa karani jioni ya kuamkia tarehe kabla sijamsumbua shahidi. Tena uliza kama shauri linakuja kutajwa au kusikilizwa. Likija kutajwa, ushahidi hauchukuliwi, basi muache shahidi wako aendelee na kazi yake.

Sasa upande wa wakili wako mwenyewe, ambako wengi tunaumia kimyakimya. Kuna siku wakili wangu aliitwa Mahakama Kuu wakati shauri letu limepangwa, na hakutoa taarifa mapema. Upande wa pili walikuwa wamekuja na mashahidi wawili. Wakaomba gharama, wakapewa: shilingi 40,000, nilipe mimi. Nilimfuata ofisini nikamwambia, "Wakili, hii siyo yangu." Alilipa, lakini baada ya maneno mengi, kwa sababu makubaliano yetu ya mwanzo hayakugusa jambo hilo hata kwa mstari mmoja. Kabla hujatoa hela ya kwanza, hakikisha imeandikwa: je, siku ambayo shauri halikusikilizwa atakutoza ada ya kuhudhuria? Na akikosekana yeye, gharama za upande wa pili nani atalipa? Wakili mwaminifu hatakasirikia maswali hayo. Wangu wa sasa aliyajibu kwa maandishi, akasaini.

Nilipokuja kushinda nilipewa gharama za shauri. Hapo nikajifunza kwamba una siku 60 tangu amri ya gharama kuwasilisha orodha ya unachodai, ili ikaguliwe na kukokotolewa. Yale maahirisho ambayo sikuwa nimelipwa papo hapo niliyaingiza humo, tarehe kwa tarehe. Nauli zenye tiketi zilipita. Chakula kilipunguzwa. Bodaboda zote kutoka kituoni hadi mahakamani zilikatwa, kwa sababu sikuwa na hata kipande kimoja cha karatasi cha kuzithibitisha. Siku hizi natembea na kidaftari, namwomba kijana wa bodaboda aandike kiasi, tarehe na namba ya pikipiki, kisha atie sahihi.