Jikoni na Mjomba: "Sosi ya mume wangu imekwisha"

*Shikamoo Mjomba. Mimi ni mkazi wa Arusha, mume wangu ni Mmarekani, kazaliwa na kukulia Kansas City. Mama mkwe alipotutembelea mwaka jana alileta chupa sita za sosi ya kwao ya barbekyu na makopo mawili ya viungo vya kupaka kwenye nyama. Vyote vimekwisha. Nimezunguka madukani nikapata chupa moja, bei ya kilo moja na nusu ya nyama. Mume kaonja, kasema, "Hii ni kechapu iliyotiwa sukari." Nikaamua kutengeneza viungo mwenyewe kwa kufuata maelekezo ya mtandaoni. Yalitaka vijiko vitatu vya pilipili ya unga, nikaweka. Watoto walilia, na wifi yangu alikunywa jagi zima la maji. Tarehe 4 Julai tuna wageni, Wamarekani wenzake. Nitapata wapi vitu hivi, au nitengeneze? Na kama ni kutengeneza, nilikosea wapi?*
*Mama Wawili, Arusha*

Marahaba mpwa wangu. Wifi yako mpe pole yangu, nimecheka peke yangu hadi jirani akachungulia.

Tuanze na hiyo pilipili. Kwenye maelekezo iliandikwa "chili powder", na wewe ukaelewa kama ambavyo ningeelewa mimi kabla sijaenda kwao. Kopo lenye jina hilo Marekani ni mchanganyiko: pilipili kubwa zilizokaushwa ambazo hazina ukali wa kutisha, bizari nyembamba, kitunguu saumu cha unga, oregano, na mengine yana chumvi humohumo. Vijiko vitatu vya kopo lile hata mtoto anakula. Vijiko vitatu vya pilipili kichaa iliyosagwa ya Soko la Kilombero ni kesi ya kupeleka polisi. Weka paprika badala yake, yaani unga wa pilipili nyekundu isiyo kali, vijiko viwili, ongeza bizari nyembamba kijiko kimoja, halafu pilipili yetu ncha ya kisu tu.

Sasa sosi. Kansas City nimeishi miaka tisa, upande wa Missouri. Miwili ya kwanza nilikuwa kwenye sinki naosha masufuria, saba iliyobaki nilisimama mbele ya jiko la moshi. Mji ule kwa habari ya nyama una jeuri. Watakutajia Henry Perry, mtu mweusi aliyeanza mwaka 1908 na kibanda cha uchochoroni, akiuza nyama ya moshi iliyofungwa kwenye karatasi ya gazeti. Sosi yake ilikuwa kali, pilipili na siki, haikuwa na huo utamu unaoujua wewe. Baada yake wakaja akina Bryant, ndugu wawili walioirithi biashara yake, wakailainisha kidogo. Ile nzito, nyeusi, inayong'ang'ania kidole, ilienea zaidi baada ya daktari mmoja wa magonjwa ya akili ya watoto, Rich Davis, kutengeneza yake mwaka 1977. Hiyo ndiyo iliyoingia madukani duniani, na ndiyo maana watu wengi wakisikia Kansas City wanafikiria utamu tu.

Kwa hiyo kabla hujawasha jiko, muulize mumeo alikua anakula ipi: ya siki na paprika au ile nzito? Usimwulize wanapenda ipi Wamarekani, maana utazeeka. Mtu wa North Carolina mashariki atakuambia nyanya ni uharibifu, yeye anataka siki na pilipili basi. Wa South Carolina anataka haradali. Kaskazini mwa Alabama wana sosi nyeupe ya mayonezi, tangu mwaka 1925, na nilipoiona mara ya kwanza nilidhani mtu kakosea chombo.

Kuhusu kununua. Arusha na Dar maduka yanayoleta vyakula vya nje huwa na chupa mbili tatu za barbekyu, lakini geuza chupa usome mgongoni. Viungo huandikwa kwa uzito, kilicho kingi kikiwa mbele. Ukikuta cha kwanza ni sharubati ya mahindi na nyanya ziko nyuma, mumeo alisema kweli.

Na mama mkwe akija tena, mwambie sosi aziache. Alete viungo vikavu, tena kwenye makopo yake yenye lebo na yaliyofungwa kiwandani. Usimruhusu amimine kwenye mifuko ya nailoni: unga mwekundu usio na jina kwenye begi unaleta maswali uwanja wa ndege. Chupa za sosi haziingii kwenye begi la mkononi kwa kuwa zinazidi mililita 100, na kwenye begi kubwa ni bahati nasibu. Nilipokuwa narudi nyumbani nilifungia nne ndani ya suruali za jinzi, nikasema hapa hata tembo akikanyaga. Nilifika na tatu. Ya nne ilikuwa kwenye kanzu niliyomnunulia baba mkwe, na kanzu ile hadi leo, ikipigwa pasi, inanukia mbavu.

Sosi pika mwenyewe. Kitu pekee kinachokosekana kwetu ni molasi ya kula. Ile ya madumu inayouzwa karibu na viwanda vya sukari ni ya ng'ombe, usiiguse. Lakini sukari guru unayo, na sukari guru haijatenganishwa na molasi yake, rangi na ule uchungu mdogo vimo mle mle. Paruza robo tatu ya kikombe. Kaanga kitunguu kimoja kilichokatwa vidogo sana kwa mafuta kidogo hadi kilainike bila kuungua, tia punje nne za kitunguu saumu, halafu nyanya ya kopo ile nzito gramu 200. Hapa usiwe na haraka. Igeuze dakika tatu nne hadi rangi itoke kwenye wekundu wa bendera iwe ya tofali, na harufu ya bati ipotee. Kisha maji kikombe kimoja na nusu, siki nusu kikombe, sukari guru, paprika kijiko cha chakula, pilipili manga kijiko cha chai, haradali kijiko cha chai, chumvi, na ukwaju mzito vijiko viwili.

Najua wageni watashangaa ukwaju. Waambie wasome chupa ya sosi ya Worcestershire wanayotia kwenye kila kitu: ukwaju umo, pamoja na samaki wadogo wa chumvi. Umekaa jikoni kwao muda mrefu, hawaujui kwa jina tu.

Moto mdogo, dakika 40. Dakika kumi za mwanzo siki itakufukuza jikoni, toka, rudi. Chovya mwiko, pitisha kidole mgongoni mwake; mstari ukibaki wazi bila kuzibwa, epua. Usiitumie siku hiyo. Ikilala usiku mmoja siki inatulia, na ndipo utajua kama inataka chumvi. Kwenye friji chupa safi itakaa wiki tatu bila wasiwasi.

Jambo la mwisho kwako, na hili ndilo huharibu sherehe nyingi: sisi tunachoma, wao wanabanika. Nyama choma iko juu ya mkaa wenyewe. Ukipaka sosi yenye sukari hapo, dakika tano una lami. Tafuta fundi wa kuchomelea, akukatie pipa lenye mfuniko na tundu la hewa. Mkaa sukuma upande mmoja, nyama weka upande wa pili, funika. Nunua kipimajoto cha oveni, kichezee digrii 110, kisizidi 120. Juu ya mkaa weka vipande vya mti mkavu, mpera au mwembe, lakini si mbao za ujenzi zilizopakwa dawa. Mbavu za ng'ombe zitataka saa tano au sita, kidari zaidi ya hapo, kwa hiyo tarehe 4 uamke na adhana. Sosi inapakwa dakika 20 za mwisho.

*Habari ya kazi Mjomba? Nimerudi Nakuru baada ya miaka sita Texas. Viungo sina shida, kule kwetu ilikuwa chumvi na pilipili manga tu. Ninachokosa ni moshi wa mesquite. Nimeona mtandaoni mifuko ya vipande vyake kutoka Marekani, usafirishaji unazidi bei ya mti. Kuna njia nyingine?*
*Msomaji, Nakuru*

Nzuri, ndugu yangu. Panda matatu ya Marigat.

Mesquite ni jamii ya Prosopis. Mathenge ni Prosopis pia. Ule mti ulioletwa kuzuia jangwa ukaishia kuziba malisho ya Baringo, unaowachoma mbuzi midomo na kuwatia watu hasira, ni binamu wa damu wa ule unaotaka kuagiza kwa dola. Huko wanauchoma mkaa. Omba wakukatie magogo madogo, uyakaushe miezi kadhaa chini ya bati, maana mbichi hutoa moshi mchungu. Tumia kidogo kidogo, moshi wake una nguvu. Ukizidisha, nyama itaonja kama paa la jikoni kwa bibi. Sitakudanganya kuwa ni Texas mia kwa mia, lakini ukifumba macho utakaribia sana.

Na pilipili manga usinunue ya unga. Nunua punje, hapa Tanga tunaletewa za Amani kutoka milimani, uzitwange kinuni ziishie nusu nusu. Ya unga inaungua, ya kutwanga inakuwa gamba.

*Assalamu alaykum Mjomba. Tuko Muscat. Madukani huku sosi za Marekani zimejaa rafu nzima, kuchagua ndiyo tabu. Watoto wanazipenda, ila mama yangu ana wasiwasi na uhalali wake. Pia kuna iliyoandikwa ina moshi wa maji, ni kitu gani hicho?*
*Bint Unguja, Muscat*

Wa alaykum salaam. Mama yuko sahihi kusoma lebo. Ukiona neno "bourbon" hiyo ni wiski, iache. Tazama pia kama kuna "bacon", nyingine huitia kwa ajili ya ladha. Moshi wa maji usiwatishe: moshi wa kuni hupozwa ukawa maji, ukachujwa. Ni harufu tu, matone machache yanatosha.

Ila mlivyo huko mnanishangaza. Mna asali ya tende kila duka, nyeusi, nzito, mnaipaka kwenye mkate tu. Chukua ile sosi ya Mama Wawili hapo juu, toa sukari guru yote, weka nusu kikombe cha asali ya tende na uongeze siki kijiko kimoja. Mpelekee mama aonje kabla ya watoto, maana wakitangulia wao hatakuta kitu.