Kabla Hujaandika "Mazingira Duni"

Wanangu, Ijumaa nilikaa na fomu zenu za kupima makuzi ya watoto majumbani hapa Mombasa hadi adhana ya magharibi. Fomu 46. Kwenye sehemu ya maelezo, 31 zina maneno mawili tu: "mazingira duni". Duni vipi? Panya? Moshi? Mtaro? Mama peke yake na watoto wanne? Redio ya jirani isiyozimwa usiku kucha? Anayesoma hawezi kujua kama mlifika Ziwa la Ng'ombe au mlikaa stejini mkinywa madafu. Mmoja ameongeza "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo". Huyo namjua kwa mwandiko, na tutaonana.

Makosa yangekuwa mapya ningewapikia mahamri. Haya ni yangu mimi, mmeyaokota palepale nilipoyadondosha. Nimeandika mambo saba. Yasomeni kabla hatujaingia mtaani tena.

1. Saa. Usimpime mtoto saa saba mchana chini ya mabati, kaskazi imeshika, hajala na usingizi unamlemea. Nendeni asubuhi.

2. Lugha. Mtoto wa Kisauni anayelelewa na nyanyake wa Kigiriama hana deni na Kiswahili chako cha darasani. Watafiti kina Amina Abubakar walipokaa hapo Kilifi wakatunga kipimo chao cha makuzi ya watoto, kilichochapishwa 2008, walikuwa wakiukimbia ubaya huu huu: vipimo vya Ulaya na Marekani vikimkuta mtoto wa huku vinampima ugeni. Sasa nyinyi mnashika chombo kilichotungwa nyumbani, halafu mnamwambia mtoto wa miaka miwili, "Tafadhali panga vipande hivi kwa wima." Kwa wima! Hata mimi nilisimama nikafikiri. Mwambie "jenga nyumba", utaona mikono.

3. Mtaa. Hapa kaeni kitako.

Mwaka 2017 nilikuwa na mwaka mmoja kazini na hapakuwa na nisilolijua. Nilikuwa nimetoka kusoma utafiti wa Marekani: kuanzia 1994, familia maskini katika miji 5 zilipigiwa kura, zilizobahatika zikapewa vocha za kodi ya nyumba zihamie mitaa yenye umaskini mdogo. Wachumi walipowatazama wale watoto wakiwa watu wazima, waliohama kabla ya kutimiza miaka 13 walikuwa wakipata karibu asilimia 31 zaidi ya wenzao ambao familia zao hazikupata vocha. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakuona faida hiyo. Yaani mtaa humwingia mtoto kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na mapema ndio mapema. Nikalibeba hilo kichwani kama mtungi wa maji, nikaingia Mishomoroni shingo imesimama.

Ilikuwa nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, choo kimoja uani. Chumba cha tatu alikaa mama mmoja na mwanawe wa miezi 29. Nitamwita Mama Athmani, si jina lake. Alikuwa na kibarua cha usafi hotelini, anatoka alfajiri, na mtoto alishinda na Bibi wa chumba cha kwanza, aliyekaanga viazi karai barazani. Nikamwita mtoto jina lake nikiwa nyuma yake. Kimya. Nikaenda mbele, nikamwambia alete kijiko. Akanitazama mdomo, akatabasamu, akaleta kikombe. Nikahesabu maneno yake: manne. Palikuwa na harufu. Nikautazama mtaro unaopita mlangoni, nikajua inatoka huko. Nikaandika: lugha imechelewa, usafi duni, mtoto hasemeshwi nyumbani.

Ningeishia hapo lingekuwa kosa la kawaida. Sikuishia. Nilimwambia mamake palepale ukumbini, majirani wanakunja nguo zilizokwisha kunjwa ili wasikie vizuri, kwamba mtaa ule unamdhuru mwanawe, na akiweza ahame. Nikamtolea na mfano wa Marekani. Wale walipewa vocha. Mimi nilimpa maneno na karatasi yenye picha ya mama anayecheka.

Na balaa ni kwamba alinisikiliza. Siku zote tunalalamika kina mama hawatusikilizi. Huyu akasikiliza. Niliporudi baada ya miezi mitatu nikakuta chumba kina mpangaji mwingine. Nikatoa salamu, Bibi hakuitikia. Akageuza viazi, akageuza tena, ndipo akaniuliza, "Yule mtoto umempeleka wapi?"

Alikuwa amehamia chumba chenye vigae ng'ambo ya barabara kuu. Kodi mara mbili. Ili aimudu, mamake akaongeza zamu ya jioni. Mtoto akawa anashinda kwa mwanamke anayelea watoto 14 chumba kimoja, mlango umefungwa wasitoke barabarani. "Hapa alikuwa na mimi," Bibi akasema. "Na lile sikio nilishamwambia mamake Jumatatu tulipeleke hospitali."

Sikio gani?

"Linalotoka usaha, mwanangu. Kwani hukusikia harufu?"

Harufu niliisikia. Mtoto ndiye hakusikia jina lake. Nilikaa na mtoto yule dakika 40, kalamu mkononi, na sikuinama hata mara moja kumtazama sikio. Usaha wa sikio unapenda nyumba zilizobanana: mafua yanazunguka watoto wote, moshi wa jikoni umejaa ndani, na dawa ya kwanza ni mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu saumu. Kwa hiyo mtaa ulikuwamo, sikukosea hapo. Ulikuwa sikioni, mimi nikautafuta mtaroni. Na mtaa huohuo ndio uliokuwa na Bibi, ambaye kutwa alimwimbia, akamtuma chumvi, akamhesabia viazi kwa vidole kwa sababu alishagundua kwamba kwa sauti hapati. Bibi alimjua mtoto yule kuliko fomu yangu. Kwenye fomu yangu hayumo. Hapakuwa na kisanduku cha Bibi.

Nilimtafuta Mama Athmani wiki mbili. Nilipompata alifungua mlango nusu, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Tulishaenda hospitali, ahsante," akafunga. Sina zaidi ya hapo, na sistahili zaidi ya hapo.

Basi: tazama masikio, uliza nani anashinda na mtoto, na usimwambie mtu ahame ikiwa kodi hulipi wewe.

4. Mkienda Nyali mnaandika "mazingira mazuri" kabla hamjavua viatu. Nilipima mtoto wa miaka mitatu gorofa ya nne, upepo wa bahari, sofa nyeupe, geti la chuma mlangoni. Hakuweza kushuka ngazi. Maisha yake yote alibebwa au alipanda lifti. Dada wa kazi alikuwa wa tatu mwaka ule, na mtoto alizungumza zaidi na simu kuliko na mtu. Kesho yake nikawa Mji wa Kale, mtoto wa umri uleule ametumwa duka la tatu kutoka kwao, sarafu imebanwa kiganjani, na kila baraza anayoipita kuna mtu wa kumwuliza mamake hajambo na kumfokea akikaribia pikipiki. Sisemi umaskini ni mtamu. Utapiamlo hauna baraza la kuutibu. Nasema hesabuni watu kabla ya kuhesabu vigae.

Wala msinijie na wastani. Mwaka 2022 Kenya nzima watoto 18 kwa kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Kilifi, ukishavuka tu daraja la Mtwapa, walikuwa 37. Na nusu ya watoto mnaowapima Kisauni wana shamba la babu huko, wanakwenda wakati wa kulima na kurudi. Sasa huyo umwandikie wastani gani? Uliza alikuwa wapi mvua za mwaka jana.

5. Muulizeni baba anafanya kazi gani na nguo za kazi anazivulia wapi. Mnaona haya kuuliza, mnadhani ni umbeya. Owino Uhuru, hapo Mikindani, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu hadi 2014. Wakazi, waliodhurika na madini yaliyotoka humo, wakaenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Madini yenyewe yanaitwa risasi, na jina halikukosewa. Mtoto mdogo akiyameza, mwili wake hufyonza mara 4 hadi 5 ya mwili wa mtu mzima, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo wake. Mama anaweza kufagia mara tatu kwa siku, akafua, akadeki, wewe ukampa alama zote za usafi, na vumbi lilelile likaingia na suruali ya mumewe saa kumi na mbili jioni. Hapo "umleavyo" yako utaiweka wapi?

6. Mmoja wenu alisema hatuwezi kuwafundisha kina mama kucheza na watoto mpaka mradi ununue vitu vya kuchezea. Kingston, Jamaica, mwaka 1986 na 1987, Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 waliodumaa. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki kwa muda wa saa moja, miaka miwili, na mhudumu wa jamii aliyemwonyesha mama jinsi ya kucheza na mwanawe kwa vitu vilivyotengenezwa kwa chupa na makopo. Miaka 20 baadaye waliotembelewa hivyo walikuwa wakipata mshahara mkubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiotembelewa. Mombasa nzima imejaa visoda na chupa za plastiki. Nyinyi mnangoja kontena bandarini.

Lakini mwone: kila wiki, miaka miwili. Si kupita mara moja na fulana mpya, mkapiga picha, mkaondoka.

7. Kisanduku cha tatu cha vifaa vya kupimia kimerudi kikiwa na vipande vinane vya mbao badala ya kumi, na kila mtu ananitazama kama hajui. Najua mlikuwa mtaa gani siku hiyo, na najua yule mtoto wa mwisho alilia kweli mlipoanza kukusanya. Msirudi kumnyang'anya. Andikeni vimepotea, nitaweka sahihi.