Anza na Tairi, Rimu Ifuate: Ushauri kwa Mwenye Gari Dogo la Spoti

Miaka minne iliyopita nilinunua rimu za inchi 18 kwa ajili ya gari langu dogo la spoti kabla sijajiuliza zitavaa tairi gani, na kosa hilo la kutanguliza rimu ndilo lililonifundisha sehemu kubwa ya haya ninayoyaandika. Gari lilitoka kiwandani likiwa na matairi ya 205/45R17 juu ya rimu zenye upana wa inchi 7. Nilipolivisha matairi ya 215/35R18 lilipendeza sana likiwa limesimama, lakini barabarani lilikuwa gari jingine: usukani ulivutwa huku na huku na kila mfereji uliochimbwa na magurudumu ya malori, kuondoka kwake kukawa kuzito, na kila kiraka cha lami nilikisikia mgongoni. Kabla msimu wa joto haujaisha, rimu mbili zilikuwa zimepinda kingo kwa sababu ya mashimo ambayo tairi la zamani lingeyameza bila taabu.

Ili ushauri huu ueleweke, ni lazima kwanza tusome namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Katika 205/45R17, namba 205 ni upana wa tairi kwa milimita, 45 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia 45 ya upana huo, R huonyesha kwamba nyuzi za ndani zimepangwa kwa mtindo wa radiali, yaani zinakatiza tairi moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4, mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kupata kipenyo cha gurudumu zima: kimo cha ubavu ni milimita 92.25, ukikizidisha mara mbili na kukijumlisha na milimita 431.8 za rimu unapata takribani milimita 616. Kwa hesabu hiyo hiyo, 215/35R18 hutoa milimita 608 na 205/50R16 hutoa milimita 611. Tofauti zote mbili ziko chini ya asilimia 2, kwa hiyo spidomita haipotoki kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Mimi hupendelea gurudumu jipya liwe dogo kidogo kuliko la awali badala ya kuwa kubwa, kwa sababu gurudumu lililozidi huifanya spidomita isome mwendo mdogo kuliko ule halisi, jambo ambalo kanuni za kimataifa za magari haziruhusu.

Kipenyo, hata hivyo, hakikuwa tatizo langu. Tatizo lilikuwa uzito pamoja na mahali gurudumu lilipokaa. Nilipopima kwa mizani, gurudumu moja la inchi 18 likiwa na tairi lake lilikuwa na kilo 19, ilhali gurudumu la inchi 16 nililokuja kulitumia baadaye lilikuwa na kilo 15 na nusu. Kilo tatu na nusu zinaweza kuonekana kidogo, lakini huo ni uzito usiobebwa na springi. Kila gurudumu linaporuka juu ya tuta, shokomzoba ndiyo inayolazimika kuutuliza, na kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wa gurudumu kubwa iko pembeni, mbali na kitovu, injini hutumia nguvu zaidi kulizungusha na breki hutumia nguvu zaidi kulisimamisha. Gari zito lenye injini kubwa huweza kuficha gharama hiyo. Gari la kilo 1,100 lenye injini ndogo haliwezi, na dereva huihisi tangu gia ya kwanza.

Kuhusu mahali gurudumu linapokaa, herufi ET zilizochongwa kwenye rimu huonyesha umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaogusana na habu, yaani kitovu cha gari ambacho rimu hufungiwa. Rimu zangu za awali zilikuwa inchi 7 zenye ET 45, na zile mpya zilikuwa inchi 7 na nusu zenye ET 35. Fanya hesabu: nusu ya upana wa rimu ya kwanza ni milimita 88.9, toa 45, unabaki na 43.9, nusu ya upana wa rimu ya pili ni milimita 95.25, toa 35, unabaki na 60.25. Ukingo wa nje ulikuwa umetokeza kwa zaidi ya milimita 16. Hiyo ndiyo iliyosababisha usukani kuvutwa nilipokanyaga mafuta kwa nguvu, na pia ndiyo iliyolifanya tairi likwaruze bodi pale nilipobeba abiria watatu. Muuzaji alikuwa ameniambia kwamba rimu hizo zinaingia katika gari langu, na ni kweli ziliingia, kwa maana kwamba matundu ya boliti yalilingana. Kuingia na kufaa ni mambo mawili tofauti. Siku hizi, kabla ya kununua, mimi huhakikisha mambo manne kwa maandishi: idadi na mpangilio wa boliti, ET, kipenyo cha tundu la katikati, na nafasi iliyopo kati ya rimu na kalipa ya breki, yaani kifaa kinachobana diski. Tundu la katikati likiwa kubwa kuliko habu, pete ya kujazia nafasi hiyo ni ya lazima, la sivyo usukani unaweza kutetemeka hata baada ya magurudumu kubalansiwa vizuri.

Hapo ndipo nilipojifunza kuanza na tairi. Tengeneza orodha ya matairi ya kiangazi unayoyaamini, kisha uangalie yanatengenezwa katika saizi zipi, na mwisho ndipo utafute rimu ya saizi hiyo. Mazda MX-5 ya kizazi cha nne ni mfano mzuri wa kufikiria kwa namna hii, kwa kuwa yenye injini ya lita 1.5 iliuzwa na matairi ya 195/50R16 na ya lita 2.0 ikapewa 205/45R17. Waliounda gari jepesi la namna hiyo hawakuona haja ya tairi pana kupita hapo. Mimi nilihamia 205/50R16, na kwa mwendo na utulivu sijutii hata kidogo, ila nakiri kwamba matairi ya daraja la juu katika saizi hiyo ni machache kuliko ya 205/45R17. Kama ningeanza upya leo, ningebaki na inchi 17 na kutafuta rimu nyepesi zaidi.

Wengi huamini kwamba tairi pana hushika zaidi kwa sababu eneo linalogusa barabara ni kubwa. Kwa kweli eneo hilo hutegemea zaidi uzito wa gari na upepo uliomo. Kinachobadilika zaidi ni umbo lake, ambalo huwa fupi na pana. Umbo hilo husaidia kwenye kona kavu, lakini kwenye maji mengi tairi pana lina kazi kubwa zaidi ya kuyasukuma kando, na chini ya gari jepesi huanza kuelea mapema.

Tairi la kiangazi lenyewe hutengenezwa kwa mpira unaofanya kazi vizuri kwenye joto, likiwa na kashata kubwa, yaani vipande vya mpira vinavyogusa barabara, zenye michanjo michache. Halijoto ikishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, mpira huo huanza kuwa mgumu na kupoteza mshiko, kwa hiyo katika nchi zenye baridi kali usilitumie mwaka mzima. Katika Umoja wa Ulaya kila tairi jipya huuzwa na lebo ambayo, tangu mwaka 2021, huonyesha kwa herufi A hadi E wepesi wa kubiringika na mshiko kwenye maji. Kwa gari la spoti mimi sishuki chini ya A kwenye maji, hata kama herufi ya wepesi wa kubiringika ni C. Lebo haisemi chochote kuhusu tairi linavyoitikia usukani wala litakavyodumu, na kwa hayo soma majaribio huru kama yale ya ADAC, chama cha wenye magari cha Ujerumani, ukizingatia saizi iliyojaribiwa, kwa kuwa matokeo ya tairi la gari kubwa hayahamishiki moja kwa moja kwenye lako.

Usidharau namba ndogo zinazofuata saizi. Katika 87W, 87 humaanisha kwamba tairi linaweza kubeba kilo 545, na W kwamba limeidhinishwa kwa mwendo wa hadi kilomita 270 kwa saa. Usishuke chini ya kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023.

Baada ya kufunga magurudumu, boliti zikazwe kwa spana yenye kipimo, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Endesha kwa utulivu kilomita 200 za kwanza, maana uso wa tairi jipya bado una utelezi. Pima upepo matairi yakiwa ya baridi, asubuhi kabla ya safari. Anza na kiwango cha kiwanda, kisha ongeza au punguza baa 0.1 kwa wakati mmoja bila kushuka chini ya kiwango hicho, ukirudia kona ile ile unayoifahamu. Gari langu lilitulia kwa baa 2.3 mbele na 2.2 nyuma, na lako huenda likataka kitu kingine.