Vijana wa mipango miji, eneo la wazi lisiwe mabaki ya mchoro

Wiki hii nimeletewa tena TP, yaani mchoro wa mipango miji, ambayo eneo la wazi limesukumiwa kwenye kipembe cha korongo, pasipotosha hata goli moja, likapakwa kijani ili viwango vitimie. Wadogo zangu, bidii yenu naiona na nawapenda, lakini hili limejirudia mno.

1. Eneo la wazi litangulie, viwanja vifuate. Pita mtaani saa kumi na moja jioni uone watoto wanachezea wapi na wazee wanabarizi chini ya mti gani. Mti huo uingie kwenye mchoro.

2. Mchoro peke yake haulindi kitu. Kuna mtaa mmoja pembezoni mwa jiji uliokuwa na mchoro mzuri: shule, zahanati, uwanja wa michezo katikati. Viwanja vya kuuza vikapimwa haraka kwa sababu fedha za mradi zilitakiwa zirudi. Uwanja ukaambiwa utapimwa baadaye. Haukuwekewa bikoni, yaani alama za mipaka, haukupewa namba, hati haikuandikwa. Tena viwanja vyote vya jirani vilichorwa vikiupa mgongo, kwa hiyo kila mwenye nyumba akainua ukuta na hapakubaki dirisha la kuutazama. Kikaanza kumwagwa kifusi. Ikaja gereji kwa ruhusa ya mdomo, zikafuata fremu za maduka. Mwisho akaja mtu na ombi la kubadili matumizi, akisema eneo halitumiki, na kwenye picha alizoambatanisha lilikuwa jaa kweli. Kwenye mkutano wa mtaa mama mmoja aliuliza, "Sasa watoto wetu wakacheze wapi?" Wajumbe wakainamia makaratasi yao. Leo pale pana maghala, na watoto wanachezea barabarani wakikwepa bodaboda. Inaniuma kila nikipita, maana hakuna hatua hata moja iliyoonekana kubwa ilipotokea.

Basi pimeni uwanja siku ileile na viwanja vingine, hati iwe ya halmashauri, na nyumba ziuelekee, barabara ikipita kati.

3. Watumiaji ndio walinzi. Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam iliachwa wazi na wakoloni ili kuitenga Kariakoo ya Waafrika na Uhindini. Wananchi wakaifanya yao: mnara wa Mwenge upo pale, na mikutano na swala ya Idi hufanyika pale. Kwa bei ya ardhi ya eneo lile, nyasi tupu zisingesalimika.

4. Bonde liacheni liwe bonde. Desemba 2011 mto Msimbazi wa Dar es Salaam ulifurika, watu wakafa, na waathirika wengi wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Uwanja wa mpira ukizama masika, maji yakikauka vijana wanarudi kucheza. Nyumba haina nafasi hiyo. Ila msihesabu bonde kuwa ndiyo bustani ya kata nzima. Mtoto anatakiwa afike uwanjani kwa miguu bila kuvuka barabara kubwa.

5. Choo, maji, taa, kivuli. Akina mama hawaji mahali pasipo na choo. Mshahara wa mtunza bustani uingie kwenye bajeti kabla ya chemchemi ya mapambo.

6. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya makazi yao haikupangwa. Manzese au Tandale hampati ekari za kuchora. Huko anzeni na kiwanja cha shule ya msingi kifunguliwe jioni na wikiendi. Msiende na mchoro. Nendeni mkae na mwalimu mkuu, kamati ya shule na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mkubaliane nani anashika ufunguo wa geti, nani anafagia Jumapili jioni, na kioo cha darasa kikivunjwa na mpira nani analipa. Hilo la kioo liandikeni kabisa, kila upande usaini.