Kabla Hujalipia Chuo cha Uanahabari, Nisikilize

Juzi usiku nilipata ujumbe kutoka kwa binti mmoja wa Faza, kule Lamu. "Kaka, nimemaliza Kidato cha Nne na nataka kusomea uanahabari. Kuna chuo Mombasa karo yake nafuu, lakini wanasema nafasi zinaisha Ijumaa. Mama yuko tayari kuuza bangili zake. Wanishauri vipi?"

Nilikuwa nimeketi barazani hapa Malindi. Nikaiweka simu chini, na usiku ule sikupata usingizi.

Mamangu naye aliuza dhahabu. Ulikuwa mkufu wa harusi yake, akaupeleka kwa sonara mwaka 2012 ili mimi nikasome. Tangazo nililiona limebandikwa ukutani karibu na stendi ya matatu: stashahada ya uanahabari, mwaka mmoja na nusu, kazi baada ya masomo, Sh32,000 kwa muhula. Vyuo vingine viwili nilivyoulizia bei vilitaka karibu maradufu. Nikaona Mungu amenifungulia njia.

Chuo chenyewe kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vipuri vya magari. Kamera ilikuwa moja, imefungiwa kwenye kabati la kioo, na tukaambiwa tutaishika muhula wa mwisho. Redio tulifundishwa ubaoni. Mwalimu alichora maikrofoni kwa chaki, akaandika majina ya sehemu zake, nasi tukanakili. Simlaumu yule kijana. Muhula wa tatu aliacha kuja kwa sababu hakuwa amelipwa, na kuanzia hapo tulikuwa tukipewa notsi za kurudufu na kujisomea wenyewe. Ile kamera sikuwahi kuishika.

Mwaka 2014 nilienda kuomba nafasi ya mafunzo ya kazini kwenye kituo kimoja cha redio. Mhariri alinipa kinasa sauti akasema, "Nenda sokoni, niletee dakika mbili kuhusu bei ya samaki." Nilirudi na dakika arubaini za upepo, pikipiki na makelele ya wachuuzi. Sikujua maikrofoni inakaa umbali gani na mdomo wa mtu, wala sikujua kukata sauti kwenye kompyuta. Alisikiliza kidogo, kisha akakitazama cheti changu. "Chuo hiki kimesajiliwa na nani?" Sikuwa na jibu. Nilipofuatilia nikaambiwa hakitambuliwi popote, na cheti kile hakiwezi kuniombea hata kadi ya uanahabari.

Nyumbani mama hakuuliza neno. Laiti angenikaripia. Mpaka leo nikipita mbele ya duka la sonara nageuza uso.

Miezi iliyofuata nitairuka. Niliuza kadi za simu. Mwaka 2015 binamu yangu wa Nairobi alinikaribisha chumbani kwake, nikajiunga na Kenya Institute of Mass Communication, pale South B. Ni chuo cha umma kilichoanza mwaka 1961. Hakuna aliyekuwa amekibandikia tangazo stendi ya Malindi, ndiyo maana sikuwahi kukifikiria. Nilipopiga hesabu ya karo ya mwaka mzima, haikuzidi ile niliyowalipa watu wa ghorofa ya tatu. Na wiki ya pili tu nilikuwa nimeshika kinasa sauti. Mwalimu alinirudisha nje mara tatu kwa habari moja, mpaka nikaelewa kwamba swali fupi ndilo linalompa mtu nafasi ya kusema. Na Kiswahili changu cha pwani, ambacho wengine walidhani kitanirudisha nyuma, ndicho kilichoniweka mbele ya maikrofoni kusoma taarifa.

Miaka minane baadaye, Aprili 2023, habari za vifo vya waumini katika msitu wa Shakahola zilitoka. Waandishi walimiminika Malindi kutoka kila pembe. Mimi niliijua njia, nilikijua Kigiriama, nilijua namna ya kumsalimu mzee anayemtafuta mwanawe mochari kabla ya kumuuliza chochote. Polisi waliweka vizuizi, na kitu cha kwanza walichokiuliza kilikuwa kadi ya Baraza la Habari la Kenya. Nilikuwa nayo. Nilifanya kazi siku zile kwa moyo mzito, lakini nilijua nimesomea kazi yangu.

Kwa hiyo mdogo wangu, bei usiiulize kwanza. Uliza usajili. Enzi yangu haikuwa rahisi kujua. Sheria iliyounda TVETA, mamlaka inayosajili vyuo vya kiufundi, ilikuja mwaka 2013, mimi nikiwa tayari nimeshalipa. Nyinyi leo mnaitafuta orodha yao kwa simu. Chuo kikuu nacho kiulizie kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kisha ingia pia kwenye tovuti ya KUCCPS, wakala wa serikali, uone kozi za stashahada wanazopangia wanafunzi kwenye vyuo vya umma.

La pili, nenda ukakione. Usiende ofisini, nenda kwa wanafunzi. Waambie wakusikilizishe habari waliyoitengeneza wenyewe mwezi huu. Wakianza kutazamana, shuka ngazi uondoke. Vifaa vilivyo kabatini si vifaa vya kujifunzia.

Na pesa ihesabu yote. Karo nafuu Nairobi bila ndugu wa kukupa kitanda inaweza kukushinda kuliko karo ya juu kidogo Mombasa kwa shangazi. Nenda ofisi ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge) ya kwenu na ya wadi, uwatajie jina la chuo kabla hujajiunga. Hundi ya basari huandikwa kwa jina la chuo, kwa hiyo watakwambia kama wanakitambua. Ulizia HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, vilevile. Chuo ambacho hakuna anayekubali kukilipia ila mama yako kina kasoro, na nasema tena, uliza usajili. Vijana wetu wanadanganywa kwa sababu tunaona haya kuuliza. Tunadhani kumuuliza mwenye chuo karatasi zake ni utovu wa adabu. Fedha ni ya mzazi wako, ana haki ya kuziona hizo karatasi!

Bangili zisiuzwe wiki hii. Njoo na mama yako: mkishavuka kwa boti hadi Mokowe, pandeni basi mshuke Malindi, nyumbani kwetu mtalala na mamangu amesema atapika. Jumatatu nitawasindikiza Mombasa tukakitazame hicho chuo kwa macho yetu. Ijumaa yao iacheni ipite.