Jirani alinunua, mimi nikabaki mpangaji

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: "Je, mpangaji wa nyumba ya umma apewe haki ya kuinunua?" Mimi ni mpangaji wa halmashauri, yaani nyumba yangu ni ya serikali ya mtaa, London mashariki, ghorofa ya nne. Swali hili tumelijadili kwenye ngazi za jengo letu, hasa siku ambazo lifti imekufa, muda mrefu kabla halijafika kwenu. Jibu langu ni ndiyo, ila si kwa namna lilivyofanyika Uingereza.

Mlango wa kushoto kwangu aliishi bibi mmoja aliyekuwa akifagia ofisi usiku. Sheria ya Nyumba ya 1980, iliyoletwa na serikali ya Margaret Thatcher, waziri mkuu wa wakati huo, ilimpa mpangaji wa halmashauri aliyekaa miaka 3 haki ya kununua nyumba yake kwa punguzo la asilimia 33, likiongezeka asilimia 1 kila mwaka hadi 50. Baadaye likanona zaidi, na kwa fleti likafika asilimia 70. Bibi na mumewe walinunua. Alinisimulia kwamba kitu cha kwanza walichofanya, hata kabla ya kubadilisha zulia, ni kupaka mlango rangi nyekundu. Zamani rangi ya mlango ilikuwa ya halmashauri kuamua, na aliyetundika rafu bila ruhusa aliweza kuandikiwa barua.

Nawaomba wanaopinga mauzo wautafakari mlango ule. Watu wengi hawakuwa wakitafuta faida. Walitaka kukaa mahali pasipo na mtu wa kuwahoji, na wakifa wanao wasitolewe vitu nje. Lakini kuna jambo ambalo wanaosifia mauzo hulisahau: sheria ileile ya 1980 ndiyo iliyompa ulinzi hata mpangaji asiyenunua. Halmashauri haiwezi tena kumtoa bila kuthibitisha sababu mahakamani, na mume au mke anayebaki anaweza kurithi upangaji. Maana yake, sehemu kubwa ya kile bibi alichokuwa anakinunua ingeweza kutolewa bure kwa kila mpangaji, na kwa kiasi fulani ilitolewa. Nyumba haikulazimika kuuzwa ili mtu achague rangi ya mlango wake.

Bibi alipofariki wanawe waliiuza fleti. Siwalaumu, kila mmoja alikuwa na kwake. Aliyenunua hajawahi kulala humo hata usiku mmoja, anapangisha. Na mpangaji wa sasa ni nani? Ni mama na watoto watatu waliokosa makazi, wamewekwa pale kwa muda na halmashauri ileile iliyoiuza fleti, ambayo sasa inamlipa mwenye nyumba. Ramani ya vyumba ni moja na yangu, tunasikiana kukohoa, lakini kodi ya upande ule inapita yangu mara mbili na ushee. Nilidhani ni kioja cha jengo letu tu. Kumbe tathmini zilizofanywa London zinaonyesha kuwa takriban fleti 4 kati ya kila 10 zilizouzwa kwa mpango huu sasa zinapangishwa na watu binafsi.

Kuna na habari ya kijana wa ghorofa ya pili. Yeye alinunua kwa mkopo wa benki, akafanya na karamu. Kwenye fleti hununui jengo, unanunua haki ya kukaa kwa miaka mingi, mara nyingi 125. Kuta za nje, paa na ngazi hubaki za halmashauri. Halmashauri ikiamua kubadilisha paa, sisi wapangaji hatuletewi hesabu ya fundi, ila yeye analetewa fungu lake. Ililetwa bahasha yenye makumi ya maelfu ya pauni. Tangu siku ile akipita chini ya paa hilo huliangalia kama mtu anayemdai. Wakati wa kuhamasisha watu wanunue, ukurasa huu wa mkataba haukusomwa kwa sauti.

Hata hivyo, mimi naona kosa kubwa lilikuwa kwenye pesa. England imeuza karibu nyumba milioni 2 kwa njia hii. Fedha zilipoingia, serikali kuu ilizibana halmashauri zisizitumie zote kujengea nyumba nyingine, na kwa miaka mingi sehemu kubwa iliishia kwenye kulipa madeni. Unauza ng'ombe, unakatazwa kununua ndama, halafu miaka 40 baadaye unashangaa maziwa yamekwenda wapi. Scotland ilichoka ikaifuta haki hii 2016, Wales ikafuata 2019.

Singapore nao huuza fleti za umma, tangu 1964, na wakazi wengi mno wa nchi hiyo wanaishi humo. Lakini wanauza haki ya miaka 99, kwa kawaida mtu akae kwanza miaka 5 ndipo auze, na serikali inaendelea kujenga. Wao wanauza walichojenga ili kiuzwe. Uingereza iliuza kilichojengwa ili kipangishwe, na haikujenga kingine. Ndiyo maana tangazo la 2025 la serikali, kwamba nyumba mpya za halmashauri England zisiuzwe kwa miaka 35, mimi naliunga mkono, ingawa limechelewa.

Sasa niseme na langu, msije mkaniona mtakatifu. Hadi Novemba 2024 punguzo la juu kabisa hapa London lilikuwa pauni 136,400. Ikatangazwa kwamba kuanzia tarehe 21 ya mwezi huo, sehemu kubwa ya jiji lingeshuka hadi pauni 16,000. Watu walikimbilia kuomba. Nami nilichukua fomu, nikaijaza yote, nikaweka sahihi. Nikaikalisha mezani wiki nzima karibu na chupa ya chai. Nilimfikiria kijana wa ghorofa ya pili na bahasha yake, nikawafikiria wale watoto watatu ukutani kwangu. Pia, nisidanganye, nilifikiria umri wangu na benki ingesema nini. Tarehe ikapita, fomu iko pale pale.

Binti yangu, ambaye mwenyewe yuko kwenye orodha ya halmashauri akisubiri nyumba, alipopata habari alikasirika. Anasema nimemnyima urithi kwa ajili ya watu nisiowajua. Nilimwambia kwamba kwenye orodha ile yeye ndiye mmoja wa watu hao. Hadi leo hatujaelewana juu ya hilo.

Mpangaji, London mashariki