Oberlin weusi wapo, tena wa siku nyingi

Hongera mdogo wangu kwa kupata chuo, na hao wanaokutisha eti Oberlin, Ohio utakuwa mweusi peke yako waache tu. Ni kamji kadogo, watu elfu nane na kitu, sensa ya 2010 ilikuta wazungu kama 73%, weusi karibu 15%, Waasia kama 4%, na machotara nao si haba. Ila hizo namba zisome kwa akili, maana sensa ya Marekani inamhesabu mwanafunzi pale anapoishi chuoni na wanafunzi ni karibu elfu tatu, yaani kama theluthi ya mji ni watu wa kuja na kuondoka, likizo ndefu ikifika unabaki na wenyewe.

Na hao wenyewe weusi wengi ni Wamarekani, si wahamiaji kama sisi. Chuo kilikubali kupokea weusi tangu 1835, watumwa waliotoroka kusini walipitia hapo kwenda Kanada, na 1858 wenyeji, weusi kwa weupe, walimpokonya John Price, mtumwa aliyetoroka, mikononi mwa waliomkamata pale mji jirani wa Wellington wakamtorosha. Sasa usifike ukategemea udugu siku ya kwanza kisa rangi, kwao wewe ni mgeni wa chuo tu kama wengine (na Kiingereza chako watakishangaa), we salimia watu, kama unasali nenda kanisani kwao.

Mambo ya kusuka na unga wa ugali waulize Waafrika walioko huko kabla hujapanda ndege, maana Cleveland, jiji kubwa la karibu, ni kama kilomita 55 na bila gari ni shughuli.